Njia Ile Ile, Jumamosi Mbili: Kisa cha Matembezi Kando ya Hori la Tudor

Njia yenyewe haina ubaya. Inaanzia kwenye mashamba ya minazi upande wa Jomvu Kuu, inateremka polepole hadi ukingo wa hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara hapa Mombasa, inaambaa na mikoko, inakata uwanda mtupu wa tope gumu lenye chumvi, inavuka kijito kwa magogo mawili ya mnazi, kisha inaishia chini ya miembe mikubwa ambapo mtu anaweza kukaa na kuyatazama maji. Kwenda tu ni kama kilomita moja na nusu. Hakuna kilima cha kutaja. Hupita watoto wa shule, hupita wachanja kuni, hupita wavuvi na nyavu begani. Mtu akitaka kumpeleka mzee wake atembee kidogo kando ya maji, mbali na honi za mjini, njia ya namna hii ndiyo ya kwanza kumjia akilini.

Hapo ndipo familia moja ya Kisauni ilipopatwa na mkasa uliomweka mama yao nyumbani kwa wiki kadhaa, mguu umefungwa bendeji. Nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa chote, hatua kwa hatua, kwa sababu hakikutokana na uzembe. Kijana aliyepanga safari alifanya karibu kila linaloshauriwa. Aliangalia ramani, akapima umbali, akaikagua njia kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kumpeleka mama. Kule kukagua ndiko kulikomponza, na watu wengi hapa Mombasa wanaweza kuponzwa vivyo hivyo. Wahusika wenyewe walinisimulia, kwa kuwa mtaani kwetu mimi ndiye hupanga matembezi ya wazee, na wameridhia nikieleze bila majina.

Mama na haja yake

Mama ana miaka 68, mwalimu mstaafu. Ana kisukari cha siku nyingi na goti la kulia linalomsumbua akishuka ngazi. Kliniki walimwambia atembee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima, wazee wakiwemo, apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani kama nusu saa kwa siku tano: mwendo wa kumfanya mtu apumue kwa kasi kidogo lakini bado aweze kuzungumza. Hilo mama alilikubali. Lililomshinda ni mahali. Barabara ya mtaani kwao haina njia ya waenda kwa miguu. Matatu, tuktuk na bodaboda hugombania ukingo ule ule ambao yeye angeutumia. Aliwahi kwenda bustani ya Mama Ngina kule Likoni feri, ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2019, akaipenda kwa upepo wake. Lakini kutoka Kisauni ni lazima avuke daraja la Nyali na msongamano wake, na akifika huko anatembea juu ya sakafu.

"Nataka nikanyage udongo," alimwambia mwanawe. Alikulia upande wa Kinango, Kwale, utotoni alichota maji kwenye lambo, na matembezi kwake ni maji, miti na njia nyembamba. Nadhani haja hiyo ni halali kabisa. Mwendo unaopendwa ndio utakaorudiwa wiki baada ya wiki, na kwa mgonjwa wa sukari kurudia ndiyo dawa yenyewe.

Mwanawe akatafuta kwenye simu. Ramani ilimwonyesha mkono wa samawati unaoingia bara, kijani pembeni, na kijinjia kikifuata ukingo. Hata mtu mzima aliyezaliwa Mombasa akilitazama hori la Tudor kwa juu huko, linapokuwa jembamba, huliona kama mto. Na mito ipo kweli: Kombeni na Tsalu huteremka kutoka upande wa Rabai na kumwaga maji yake humo. Ila sehemu kubwa ya mwaka mito hiyo huleta maji machache. Yanayojaza na kulikausha hori ni maji ya bahari. Anayetembea kando yake anatembea pwani, hata kama mbele yake kuna mashamba na ng'ombe.

Jumamosi ya kwanza na ya pili

Ilikuwa Septemba. Jumamosi ya kwanza kijana alikwenda peke yake, akaanza saa nane mchana. Alikuta njia kavu mwanzo mpaka mwisho. Maji yalikuwa mbali, nje ya mikoko, na kadiri alivyokaa yalizidi kwenda. Uwanda ulikuwa umepasuka nyufa za ukavu. Magogo ya kijito yalikuwa juu ya maji kiasi cha goti. Alipiga picha, akampelekea mama, akamwambia: "Hii utaiweza, mama. Dakika arobaini kwenda, tunapumzika, dakika arobaini kurudi."

Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, walikwenda sita: mama, dada yake mkubwa, kijana, mkewe na watoto wao wawili. Walichagua saa nane makusudi, mama awe ameshaswali adhuhuri na kula, nao warudi kabla ya foleni ya jioni. Walivuka uwanda kama saa nane unusu. Ulikuwa na unyevu lakini unapitika. Walifika miembeni saa tisa kasorobo, wakatandika mkeka, wakatoa mahamri na chai ya chupa. Watoto walitazama kaa wakiingia mashimoni. Mama alifurahi. Wote wanalisema hilo kwa msisitizo, na nami nalitia hapa kwa sababu ndilo lililofanya hatimaye akubali kurudi.

Saa tisa na dakika ishirini walianza kurudi. Walivuka kijito, maji yakiwa yamegusa magogo. Walipofika uwandani hawakuuona. Palikuwa na maji tulivu, ya rangi ya chai ya maziwa, yamefika nusu ya muundi na yanapanda. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa upande wa pili akawapigia kelele: "Msivuke, mama! Ngojeni!" Hawakumwelewa sawasawa. Walichokiona wao ni maji yanayoongezeka na watoto wawili, na wakaamua kuvuka kabla hayajazidi.

Mama alivua makubadhi yake ili yasinase topeni. Mwana alimshika mkono huu, mkwe ule. Kuvuka kulichukua labda dakika kumi. Mtoto mmoja aliteleza akazama mpaka kifuani, akanyanyuliwa. Simu ya babake ikaingia maji. Upande wa pili yule mzee aliwakaribisha kwake, akawapa maji ya kunawa, mjukuu wake akaenda kuwaitia tuktuk barabarani. Mama aliingia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe na kusema hana neno.

Usiku mkwe aliona damu kwenye mkeka wa kuswalia. Chini ya unyayo wa kushoto palikuwa na tundu jembamba na lenye kina, na ubavuni mwa kidole gumba mchaniko mrefu. Mama hakuwa ameuhisi hata mmoja.

Kwa nini ukaguzi ulidanganya

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Kila mtu wa pwani anajua hilo kwa ujumla. Lisilokumbukwa ni hesabu yake ya wiki. Dakika 50 mara siku saba ni karibu saa sita, na saa sita ndiyo nafasi iliyopo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Maana yake, ukienda mahali Jumamosi saa nane ukakuta maji yanatoka, Jumamosi inayofuata saa nane utakuta maji yanaingia. Hili si bahati mbaya ya familia hii. Ni kanuni, kila wiki, mwaka mzima.

Lipo na la pili, ambalo ndilo lililoleta hatari hasa. Wiki moja ndiyo pia inayotenganisha bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama na ukipevuka, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo inakingamana, na tofauti hushuka hadi kama mita 1. Bamvua za karibu na Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote. Kijana alikagua katika maji mafu. Alimpeleka mama siku moja baada ya mwezi kupevuka, mwezi wa Septemba. Asingeweza kuchagua siku mbili zinazotofautiana zaidi ya hizo hata kama angetaka.

Uwanda ule ndio kipimo. Upo juu kiasi kwamba siku nyingi za mwezi maji hayaufikii kabisa; ndiyo sababu mikoko haikuoteana pale na chumvi imeachwa juu ya udongo. Bamvua tu ndiyo huufunika, tena kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Mtu anayepita siku ya kawaida huona ardhi kavu na kudhani ni ukingo wa hori, kumbe ni sakafu yake ya juu. Ipo dalili: mchu. Huu ndio mkoko unaostahimili chumvi kali, na mara nyingi ndio wa mwisho kuelekea nchi kavu. Ukiona mizizi yake ya kupumulia imechomoza kama penseli zilizochomekwa chini, basi maji ya bahari hufika hapo, hata kama leo pamepasuka nyufa.

Saa nazo zina mpangilio wake, na huu ndio ninaotamani kila mtu anayepanga matembezi ya ufukweni au horini aukariri. Siku za bamvua maji hujaa hapa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: yanajaa karibu na saa nne, yanapwa karibu na saa kumi. Nyakati kamili zimo kwenye majedwali ya bandari ya Kilindini, na ndani kabisa ya hori maji huchelewa kidogo kuliko bandarini. Lakini kwa kupanga matembezi ya mzee, kanuni hii ya saa nne na saa kumi inatosha kumwondoa mtu hatarini.

Hapo kosa linaonekana wazi. Walianza saa nane, maji yakiwa yamekwisha kupanda kama robo tatu. Walikuwa miembeni wakati uwanda unaanza kufunikwa. Walirudi ukiwa umebaki muda mfupi maji yafike kileleni.

Yule mzee alikuwa sahihi

Nimelifikiria sana lile neno "ngojeni". Lilikuwa ndilo jibu lote. Saa kumi maji yangesimama. Baada ya hapo yangeanza kurudi, na uwanda ungefunguka tena karibu na saa kumi na moja na robo. Mwezi wa Septemba jua huzama baada ya saa kumi na mbili. Wangekaa chini ya mwembe, wakala mahamri yaliyobaki, wakarudi wote na nuru ya kutosha. Maji yaliyofunga njia ndiyo yangeifungua.

Hawakungoja kwa sababu hawakujua kwamba yatasimama. Anayeona maji yanapanda bila kujua mwisho wake hufanya haraka, na ni vigumu kumlaumu mwenye watoto. Kwa hiyo naona ujuzi wa kwanza wa kupewa familia yoyote inayokwenda kando ya hori ni saa ya maji kujaa siku hiyo. Viatu na chupa ya maji vinakuja baadaye. Mwenye kuijua saa hiyo anajua pia muda wa kungoja, na anaweza kuketi.

Lilikuwepo na jibu jingine: njia ya juu. Nyuma ya miembe kuna kijinjia kinachopita mashambani hadi barabarani bila kugusa uwanda. Wenyeji wanaitumia siku za bamvua. Kwenye ramani ya simu haipo. Kijana hakuijua kwa sababu alipokagua hakuuliza mtu. Njia ilikuwa kavu, hapakuwa na la kuuliza.

Mguu

Kwa mtu mwenye miguu mizima mkasa huu ungeishia kwenye nguo zilizolowa. Kwa mgonjwa wa sukari mambo hubadilika. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akachomwa asihisi, na damu ikifika unyayoni kwa shida, kidonda huchelewa kupona na huweza kuoza. Ndiyo sababu wagonjwa huambiwa wasitembee peku hata ndani ya nyumba. Mama analijua vizuri. Alivua makubadhi kwa sababu tope lingeyanyonya, na katika dakika ile aliona hana njia nyingine.

Lile tundu la unyayo huenda lilitokana na mzizi wa mchu, na mchaniko na ganda la chaza. Tope lenyewe si safi: maji taka ya baadhi ya mitaa inayolizunguka hori, Mikindani ikiwemo, huishia kwenye mikoko. Asubuhi ya Jumapili alipelekwa kliniki, kidonda kikasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akawa anabadilishiwa bendeji. Kilipona, namshukuru Mungu, lakini kwa wiki zote hizo hakutembea, sukari ikapanda, na akasema neno la kukata: horini harudi.

Mahali pengine tulipopapima

Waliponijia walitaka niwatajie mahali pengine penye maji. Tulipitia moja moja.

Bonde la mto Kombeni kule Rabai linapendeza, lakini miteremko yake haifai goti lile, na misitu ya kaya iliyoko huko, ambayo ni miongoni mwa Kaya Takatifu za Wamijikenda zilizotiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, si ya kuingia bila idhini ya wazee wake. Maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills yana njia fupi ya kutembea na askari wa wanyamapori. Kushuka ni kazi, kupanda kurudi ni kazi zaidi. Mwache panajengwa bwawa kubwa la maji ya Mombasa na Kwale. Mahali pa ujenzi si pa kwenda kutembeza mtu. Chini yake, kwenye mikoko ya hori la Mwache, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kiasi cha kuua eneo kubwa la miti, jambo linaloonyesha jinsi kingo za mito yetu zinavyoweza kubadilika kwa msimu mmoja tu wa mvua.

Mama alitaja malambo ya kwao Kinango. Hapa nilimpinga kwa heshima. Pembeni mwa lambo hakuna kivuli, na kichocho bado kipo Kwale. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya ngozi ya anayeingia majini, hata miguu tu. Kutembea kandokando na viatu si hatari, lakini mtoto aliyeliona lambo hataki kulitazama kwa mbali. Maji ya chumvi ya hori hayana kichocho, angalau kwa hilo yana nafuu.

Tukabaki na Haller Park, Bamburi, na nafikiri kwa mzee anayeanza upya hakuna mahali pazuri zaidi karibu na Mombasa. Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe miaka ya 1950, kikaacha mashimo meupe yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kujaribu miti. Kati ya aina 26 alizopanda, zilizostahimili ni chache mno, na mvinje ndio uliobeba kazi. Majani yake membamba yalidondoka yakarundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Penye mashimo yaliyofikia maji ya ardhini pakawa mabwawa, yakatiwa samaki, ndege wakaja wenyewe. Watoto wanapajua kwa kisa cha kiboko Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Mimi napapenda kwa sababu nyingine. Njia ni tambarare, kivuli kipo, mahali pa kukaa hapako mbali, vyoo vipo, na maji ya mabwawa hayapandi wala kushuka kwa mwezi. Kuna kiingilio, na hicho ni kikwazo cha kweli kwa familia inayotaka kwenda kila wiki.

Mama alianza huko, na raba zilizofungwa na soksi, na mfukoni tende chache sukari isije ikashuka ghafla. Mara ya kwanza alizunguka mabwawa ya samaki tu, akapumzika, akarudi. Kiunga kile cha mivinje kilimrudishia imani na miguu yake.

Kulirudia hori

Kilichonishangaza ni kwamba baada ya muda yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza habari za Jomvu Kuu. Alisema kule Bamburi ni kuzuri lakini maji yamelala, na chini ya ile miembe aliona maji yanayotembea.

Tukakaa na kalenda ya Hijria, ambayo ipo ukutani kwake tayari. Kwa mtu anayefuata mwezi, mpango wa hori ni rahisi kuliko kwa anayefuata majuma. Kuanzia tarehe 29 hadi 3, na 14 hadi 17, ni bamvua: uwanda tuuache. Mtu anaweza kupita asubuhi maji yakiwa yamepwa, lakini tope limetoka kulowa alfajiri na linateleza, na kwa goti lile sikuona sababu ya kubahatisha. Tarehe 7 hadi 10, na 22 hadi 25, ni maji mafu. Hizo ndizo siku zake. Hesabu ikipishana siku moja kwa sababu ya kuandama kwa mwezi, haidhuru.

Ndani ya siku hizo niliwachagulia asubuhi, saa tatu hadi saa tano. Jioni njia ingekuwa kavu vilevile, lakini maji yangekuwa yanapwa na mtu angetazama tope. Asubuhi ya maji mafu bahari imejaa kwa kiasi chake kidogo: maji yamesimama chini ya mikoko, yanaonekana, uwanda mkavu, magogo ya kijito wazi, na jua halijawa kali. Sidhani kuna saa bora zaidi ya kutembea pale. Mwezi wa Mei, mvua za masika zinapoleta tope la mito, tumekubaliana asiende kabisa.

Mambo mengine yalikuwa ya kawaida. Umbali ulikatwa: mara ya kwanza walifika ukingo wa uwanda tu na kurudi. Mwendo ulipimwa kwa dada mkubwa, ambaye ndiye mwenye kwenda polepole kuliko wote, si kwa kijana. Na kijana alikwenda kumuona yule mzee mvuvi, akampelekea unga na sukari, naye mzee akamtembeza njia ya juu mwanzo mpaka mwisho. "Mwanangu," mzee alimwambia, "ungekuja kunisalimia ile Jumamosi ya kwanza ningekwambia." Sasa kabla ya kila safari kijana humpigia simu jioni ya jana yake.

Mama amekwisha kufika miembeni tena, bila shida. Dada yake hataki kuvuka uwanda hata ukiwa mkavu. Yeye huwangoja kwa mke wa mzee, na hakuna anayemlazimisha.

Lisilotatuliwa ni ile njia ya juu. Inapita katika shamba la mtu, na ruhusa tuliyonayo ni ya mdomo. Karibu na kijito ploti mbili zimeuzwa, nguzo za senyenge zimeshachimbiwa, na wenye ploti wenyewe hawajaonekana. Wakiziba, kutakuwa na njia moja tu ya kutoka miembeni, ile inayokatika siku za bamvua. Kijana na mzee wamekwenda kwa mzee wa mtaa kuomba upana wa hatua mbili uachwe kwa wapita njia kabla senyenge haijafungwa. Wameambiwa warudi wenye ploti watakapofika.